Chuma Kiunoni mwa Bi Ludelle

“Toa mkono wako, Vernice.”

“Sitoi mpaka uniambie hiki nini.”

“Nimesema toa mkono.”

“Ludelle, miaka thelathini na moja tunakumbatiana juu ya ua huu. Nakujua mwili wako kuliko daktari wako. Hapa hapakuwa na mfupa. Hiki nini?”

Hapo ndipo tulipowaacha wiki jana: Vernice Tolbert kaulalia ua wa mbao, mkono wake umegota kwenye kiuno cha jirani yake, upande wa kulia, chini ya sweta. Na huyo jirani, Ludelle Mayhew, kasimama kimya kama mtu anayepimwa nguo na fundi.

Msimlaumu Vernice. Mtaani kwetu hapa Macon mtu hasalimiwi kwa mkono. Unakumbatiwa, unapigwapigwa mgongoni, unaulizwa umekula. Wiki tatu nzima Ludelle alikuwa akikwepa. Leo ana mafua, kesho mikono ina sabuni, keshokutwa anakimbilia simu ambayo haikulia. Jumamosi ile asubuhi akajisahau, akakumbatiwa.

“Ni bastola,” akasema.

Alisema vile mtu anavyotaja saa.

Vernice akautoa mkono mbio, akaufuta kwenye aproni.

“Ya nini?”

“Ya usalama.”

“Usalama wa nani? Mtaa huu kitu cha mwisho kuibwa ni maua ya plastiki ya Earline, na aliyeyaiba ni mjukuu wake mwenyewe!”

“Sheria inaniruhusu.”

“Sikukuuliza sheria. Nimekuuliza nani.”

Ludelle akaishusha sweta yake.

“Basi nitakusaidia mie. Umefunga hicho chuma kiunoni kwa ajili ya mwanangu. Sema. Jina lake halina miiba.”

“Jarvis,” akasema Ludelle. “Nimeliandika kila mwaka kwenye ile fomu wanayoniletea, wakiuliza kama nakubali atoke. Kila mwaka naandika sikubali. Mwaka huu sikuirudisha.”

“Kwa nini?”

“Sikujua niandike nini.”

Kwa mgeni wa hadithi hii, maneno machache yanatosha. Miaka kumi na moja iliyopita Jarvis Tolbert, kijana wa miaka kumi na tisa, alikwenda kwenye duka la matairi la Alton Mayhew na bastola kaichomeka kwenye suruali, haina ala, haina adabu. Akakutana na hasimu wake pale. Maneno, matusi, chuma kikatoka. Risasi ilikusudiwa huyo hasimu lakini ikampata Alton, aliyekuwa ameinama anafunga gurudumu la gari la mchungaji. Alton alikuwa mume wa Ludelle. Kijana akahukumiwa miaka ishirini. Mama yake na mjane wakaendelea kuishi ua kwa ua, wakakumbatiana hivyo hivyo, kwa sababu hakuna aliyejua la kufanya badala yake.

“Alhamisi katoka,” Vernice akasema, sauti imeshuka. “Analala kwenye kitanda chake cha utotoni, miguu inaning’inia nje. Hajathubutu hata kukaa barazani. Kesho saa tisa afisa wa parole, yule wa kuwasimamia walioachiwa kabla ya muda, anakuja kukagua nyumba. Nimetoa kila kitu. Kisu cha kuwindia cha marehemu baba yake, nje. Bunduki ya kuwindia ndege, nimempa mchungaji. Silaha ikionekana chini ya dari langu, wanamrudisha siku hiyohiyo amalizie miaka tisa. Na wewe umesimama hapa na hicho, hatua kumi tu kutoka dirishani kwake!”

“Ishirini na sita,” akasema Ludelle. “Nimezihesabu.”

Vernice akaufuta mkono tena kwenye aproni. Halafu akageuka, akaingia ndani, akaufunga mlango kwa funguo mbili. Ludelle akaendelea kumwagilia nyanya zake.

* * *

Mtaani watu wanaulizana: mama wa miaka sitini na mbili, aliyekunja mashuka ya hospitali miaka ishirini na saba, ameipata wapi akili ya bastola?

Akili ni ya Renita Gaines. Mnamjua Renita: pande la mwanamke, dereva wa zamani wa basi la shule, akicheka kuku wa jirani wanaruka. Kila Jumanne anafundisha kina mama kulenga shabaha. Siku barua ilipokuja kusema Jarvis anaachiwa, Ludelle aliisoma mara mbili, akaikunja pembe kwa pembe kama shuka, akampigia Renita.

“Nataka ya kuvaa. Isionekane.”

Dukani muuzaji akawatolea kadude kadogo, kishikio cha rangi ya waridi.

“Hii ndiyo ya kina mama. Inaingia hata mfukoni mwa sweta.”

“Kijana,” Renita akamwuliza, “wewe mwenyewe umeshawahi kuipiga hiyo?”

“Mimi? Hapana.”

“Basi usimwuzie mama wa watu teke la punda.”

Hata hivyo akamtaka Ludelle aijaribu, ajifunze kwa mkono wake. Uwanja wa shabaha uko nyuma ya duka. Risasi ya kwanza, kiganja kikageuka, na tundu likatokea pembeni kabisa mwa karatasi, karibu na jina la kiwanda.

“Umeona? Ndogo ndiyo yenye hasira,” Renita akasema. “Haina uzito wa kuumeza mshindo, kwa hiyo unaumeza wewe. Na kidole chako cha mwisho kinaning’inia hewani, hakina pa kushika. Kubeba ni raha, kupiga ni adhabu. Watu wananunua ya kubeba, wanasahau ya kupiga.”

Ya pili ilikuwa kubwa ya kipolisi. Ilitulia mkononi, lakini ukivaa sweta inatuna kama kitoweo cha wizi.

Ya tatu ilikuwa ya kati. Vidole vyote vikapata nafasi. Tatizo likawa kile chuma cha juu kinachovutwa nyuma ili risasi iingie kwenye chemba. Ludelle alikivuta, kikagoma. Baridi yabisi imemla vidole.

“Usivute kwa ncha za vidole, hufungui pakiti ya biskuti,” Renita akamwambia. “Kishike kwa kiganja kizima. Mkono huu ukae, ule mwingine usukume bastola mbele. Tumia mabega. Mlango wa basi bovu nilikuwa naufungua hivyohivyo.”

Kikafunguka.

Akanunua hiyo. Akanunua na ala ngumu inayofunika triga yote, kitu kisije kuigusa risasi ikafyatuka. Akanunua mkanda mgumu wa ngozi, maana mkanda laini unainamisha bastola kama mlevi. Akabadilisha masweta yake yote kwa saizi moja zaidi. Akajifunza kuokota kitu kwa kukunja magoti, kwa sababu ukiinama kwa kiuno chuma kinajichora mgongoni na kila mwenye macho anakisoma.

Jioni alifanya mazoezi mbele ya kioo. Risasi zote anazipeleka chumba kingine, anafunga mlango, anarudi na bastola tupu. Mkono wa kushoto unapandisha sweta, wa kulia unashika, unatoa, unanyoosha, kidole kiko nje ya triga. Anarudisha. Tena. Mara hamsini kila jioni, uso umekauka kama anakunja mashuka.

Jumanne ya tatu Renita akamvuta pembeni.

“Wanafunzi wangu wote siku ya kwanza wanatetemeka. Mmoja alijikojolea, simtaji, anaimba kwaya. Wewe hata jicho hujapepesa.”

“Ni vibaya?”

“Nisingekujua ningesema una kipaji. Kwa kuwa nakujua, naogopa. Niambie, dada. Unaivaa ili usife, au unaivaa ili mtu afe?”

Ludelle alifikiri kwa uaminifu, kama anaulizwa bei ya kitu alichonunua zamani.

“Sijui, Renita. Kweli nakwambia. Humu ndani mmeingia ganzi tangu siku ile. Nikiweka mkono hapa kiunoni, angalau nashika kitu kigumu.”

* * *

Jumapili. Kanisa limejaa hadi kwenye ngazi, na si kwa ajili ya Mungu peke yake. Kila mtu alitaka kumwona mtoto wa Vernice.

Na wakamwona. Mrefu, shati limebana shingoni, kaketi benchi la tano anasoma kitabu cha nyimbo kama mtu anayesoma mkataba. Ludelle alikuwa benchi la mwisho, pembeni.

“Tangu lini Ludelle anakuja nyumbani kwa Bwana na suruali?” Dada Earline, mkuu wa wahudumu, akamnong’oneza mwenzake. Mnong’ono wa Earline unasikika hadi maegeshoni.

Tangu wiki tatu zilizopita, Dada Earline. Gauni halina mkanda.

Wimbo wa mwisho ulipoanza, Ludelle akaenda chooni. Na hapa lipo jambo ambalo hakuna muuzaji anayekuambia. Bastola ya kiunoni inaishi kwenye mkanda. Ukiufungua mkanda, suruali inashuka na mzigo wake, na mzigo huo ukigonga sakafu ya chooni, kwaya inanyamaza. Kwa hiyo mwenye bastola anafanyaje? Anaitoa na ala yake, anatafuta pa kuiweka. Na chooni pa kuweka ni mahali pamoja tu: juu ya lile sanduku la karatasi za chooni, ukutani.

Ludelle akaiweka hapo.

Basi akasikia sauti nje ya mlango.

“Nisubiri hapa, mwanangu. Naingia mara moja.”

“Sawa, mama. Sitoki hapa.”

Sauti ile ya kiume mara ya mwisho aliisikia mahakamani. Ilikuwa nyembamba, ikasema maneno matatu, “Samahani, Bi Ludelle.” Sasa imekuwa nzito.

Akasimama. Akavaa. Akanawa mikono. Akapishana na Vernice mlangoni bila kuinua macho, akatokea kwenye korido.

Jarvis alikuwa kajibana ukutani, anatazama viatu vyake. Walikuwa wawili tu pale. Ludelle akasimama mbele yake. Alikuwa anangoja chuki ije. Au woga. Au hata kizunguzungu. Miaka kumi na moja alikuwa ameiwekea siku hii nafasi.

Hakikuja kitu. Ilikuwa kama kugonga nyumba iliyohamwa.

Akapita. Akatoka moja kwa moja mpaka kwenye gari lake, hata baraka ya mwisho hakuingoja. Akaendesha hadi nyumbani, akaingia jikoni, akamimina chai ya barafu, na kwa mazoea ya wiki tatu akapeleka mkono kiunoni.

Sweta. Mkanda. Nyama.

Basi.

* * *

Alirudi kanisani kwa dakika saba. Chooni, juu ya sanduku la karatasi, hapakuwa na kitu.

“Umepoteza nini?” Dada Earline alikuwa nyuma yake kama aliyechipuka sakafuni.

“Pete.”

“Pete! Ya Alton? Maskini. Muulize Vernice, ndiye aliyeingia baada yako. Ila sijui kama atakujibu, mwenzangu. Katoka humo kama kamwona shetani, kaubana mkoba kifuani kama kichanga. Akamkokota kijana wake, hata chakula cha ukumbini hawakugusa. Na kuku alikuwa wangu!”

Ludelle akarudi kwenye gari, akapiga simu. Ilikuwa saa nane na robo.

“Unacho?” akauliza.

“Ninacho.” Sauti ya Vernice ilikuwa chini, na nyuma yake mafuta yanachemka.

“Kiko wapi?”

“Mkobani. Mkoba uko begani. Napika nao.”

“Vernice, sikiliza. Kimejaa risasi. Moja iko tayari kwenye chemba. Usikitoe kwenye ala yake.”

“Nikitoe? Nilikizungushia karatasi za chooni nikakitumbukiza macho nimefumba! Ulitaka nifanye nini? Nikiache, waingie watoto wa shule ya Jumapili? Nimpe Earline, mpaka saa tisa Atlanta nzima ijue?”

“Nakuja kukichukua.”

“Hapana.”

“Afisa anakuja saa tisa.”

“Unadhani nyumba hii haina saa? Nikikupa, utamwua mwanangu. Nisipokupa, serikali itamchukua. Haya, wewe uliyehesabu hatua, niambie mama mzazi achague lipi.”

Ludelle akawasha injini.

“Basi kizike bustanini,” akasema.

“Jirani wa upande wa pili yuko barazani. Jirani wa ng’ambo ya barabara yuko barazani. Wote wananitazama kama televisheni. Nichimbe shimo mchana kweupe na kofia ya kanisani kichwani?”

“Jarvis anajua?”

“Hajui. Akijua atampigia simu afisa yeye mwenyewe. Huko kawa mtu wa namna hiyo, hawezi kuficha hata njaa.”

Simu ikakatika.

* * *

Ludelle akarudi nyumbani, akaketi barazani kwake. Kutoka pale nyumba ya Tolbert inaonekana yote, mlango, ngazi, dirisha la jikoni lenye ukungu wa mvuke.

Renita akafika na sahani mbili za chakula cha kanisani, zimefunikwa karatasi ya foili. Akatazama kiuno cha mwanafunzi wake, akaona kilivyo tambarare. Akaambiwa yote.

“Nilikufundisha kuitoa,” akasema, akijishusha kitini. “Nikakufundisha kuilenga. Kuisahau umejifunza mwenyewe.”

Ludelle hakucheka. Renita naye akaacha.

“Lakini unaelewa kimetokea nini, dada? Huhitaji tena kumpiga mtu risasi. Huhitaji hata kunyanyuka. Kaa hapo, kunywa chai yako. Afisa atakuja, atafungua mkoba, na watamtoa kijana kwa pingu. Miaka tisa. Mikono yako safi, umekwenda kanisani. Ndicho ulichokuwa unakitaka?”

Ludelle akajaribu kuliona jambo lenyewe. Jarvis anatolewa mlangoni, kichwa kimeinamishwa. Vernice kwenye ngazi, aproni mdomoni. Aliitazama picha ile kwa bidii, akaigeuza huku na huku. Ilikuwa kama picha ya mlima iliyotundikwa kwa daktari wa meno.

“Nilidhani nitasikia raha,” akasema.

“Na?”

“Sisikii.”

“Hasira?”

“Sisikii.”

“Umekula?”

“Saa ya kula haijafika.”

“Mimi sikuulizi saa, nakuuliza njaa!”

“Njaa sijui, Renita. Miaka kumi na moja nakula kwa saa.”

Renita akamsogezea sahani moja. Gari la kijivu lilikuwa linakata kona. Likaenda taratibu, dereva akisoma namba za nyumba, likasimama mbele ya kwa Tolbert. Akashuka mwanamume mwenye upara, faili kwapani.

Saa nane na dakika thelathini na tano.

“Kawahi,” akasema Ludelle.

“Wanawahi makusudi. Wakikuambia tisa, maana yake si tisa.”

Mlango wa Tolbert ukafunguliwa. Mwenye upara akaingia. Mlango ukafungwa.

Ludelle akamaliza chai yake yote, mpaka barafu. Zikapita dakika tano, kumi, kumi na tano. Akaweka glasi chini, akasimama.

“Unakwenda wapi?” Renita akamshika sweta.

“Sijui.”

“Unakwenda kufanya nini?”

“Nimekwambia sijui. Niachie.”

Renita akamwachia.

* * *

Aliyefungua mlango ni Jarvis.

Alikuwa na sahani mkononi. Alipomwona Ludelle, sahani ikashuka mpaka usawa wa goti.

“Nani huyo?” sauti ya Vernice ikatoka jikoni.

“Ni... ni Bi Ludelle, mama.”

Kitu cha chuma kikaanguka kwenye jiko.

Nyumba za mtaa wetu ukisimama mlangoni unaona mpaka kwenye sufuria. Ludelle akaona yote kwa mara moja. Afisa alikuwa mezani, leso ya karatasi kifuani. Alikuwa amekagua vyumba, kabati, chini ya vitanda, bafuni, amebakiza jikoni, na hapo ndipo Vernice alipomkalisha kwa nguvu, kwamba nyumba hii haikaguliwi na mtu mwenye tumbo tupu. Mbele yake sukuma wiki na mguu wa nguruwe, kunde, makaroni ya jibini, mkate wa mahindi unatoa mvuke. Vernice yuko kwenye jiko, anaopoa kuku kutoka kwenye mafuta.

Mafuta ya moto hayapikwi na mkoba begani. Alikuwa ameuweka kitini, kiti cha jirani na afisa.

“Ingia, mama, ingia!” akasema afisa, amekolea ukarimu wa nyumba isiyo yake. “Mimi Kimbrough, wa parole. Wewe ni jirani? Vizuri. Napenda nikiona majirani wanakuja. Ngoja nikutolee huu mkoba upate pa kukaa.”

Akanyoosha mkono, akashika mikanda ya mkoba.

Vernice akageuka. Mwiko wa kuku ulikuwa unadondosha mafuta sakafuni. Hakumtazama afisa. Alimtazama Ludelle.

“Huo ni wangu,” akasema Ludelle.

Afisa akasita. “Wako?”

“Wangu. Niliusahau chooni kanisani. Vernice akanichukulia. Nimeufuata.”

Afisa akaunyanyua. Akaushusha kidogo, akaunyanyua tena, kama mtu anayepima tikiti sokoni.

“Mama, umeweka nini humu, matofali?”

Jarvis akasogea mezani, akaiweka sahani yake.

“Mzee,” Vernice akasema ghafla, sauti kali kama ya mwalimu, “kwenu hamkufundishwa? Mkoba wa mwanamke haupimwi na haupekuliwi. Mpe jirani yangu mali yake, ule kuku.”

Afisa akacheka mpaka upara ukang’aa. “Hapo nimekosa, nimekosa!” Akampa Jarvis mkoba, na Jarvis, asiyejua kitu, akaubeba kwa heshima, mkono chini mkono juu, hatua tatu mpaka mlangoni, akamkabidhi Ludelle.

Ndiyo. Kwa sekunde tatu Jarvis Tolbert alishika mikononi mwake miaka tisa yake yote, halafu akaitoa.

Ludelle akaupokea. Kupitia ngozi ya mkoba kiganja chake kilitambua kila kitu: kishikio, ala, pale kidole kinapokaa nje ya triga. Risasi iko kwenye chemba. Zipu iko wazi nusu. Mtu aliyemwua mumewe yuko mbele yake, karibu kiasi cha kumgusa, mikono mitupu, kola imembana.

Afisa alikuwa amerudi kwenye makaroni yake.

Vernice peke yake ndiye aliyeona. Kile alichoapa kwenye simu kwamba hatampa, mwanawe amekipeleka kwa mikono miwili.

“Umeshakipata ulichokifuata,” akasema polepole.

“Nimekipata,” akasema Ludelle.

Lakini hakuondoka. Alisimama kwenye kizingiti, nusu ndani nusu nje, mkoba kifuani. Uso wake haukusema kitu. Si ukali, si huruma. Vernice, aliyeusoma uso ule miaka thelathini na moja, alitafuta neno moja tu pale, la kusamehe au la kulipiza, na hakuliona.

“Bi Ludelle,” akasema Jarvis. “Mimi naweza kula nje barazani. Nyinyi mkakaa. Sitaki... sitaki nikuharibie meza.”

“Wewe utakula mezani,” akasema mama yake.

Akazima jiko. Akafuta mikono kwenye aproni, kidole kimoja kimoja. Akazunguka meza, akakivuta kile kiti kilichokuwa na mkoba, akakigeuza kidogo, kikatazamana na kiti cha mwanawe. Halafu akaweka sahani hapo, na uma, na kisu.

Akamtazama jirani yake, akatazama ule mkoba, hakushusha macho.

“Kuku anapoa, Ludelle,” akasema. “Funga mlango. Ingia ule.”